Kabla daftari la wapiga kura halijafunguliwa: mambo ya kuzingatia kwa sisi wa Moshi

Kila Desemba ndugu zetu wanapopanda kutoka Dar es Salaam kuja kula sikukuu, hakosekani mmoja wa kusema, "Kadi yangu ya kura ni ya Marangu, lakini siku ya uchaguzi, Oktoba, nilikuwa kazini." Alijiandikisha kwao, halafu maisha yakampeleka kwingine. Mpiga kura hupiga kura kwenye kituo alichoandikishwa, kwa hiyo jambo la kuamua mapema kuliko yote ni hili: siku ya uchaguzi utakuwa wapi? Andikishwa hapo, au uhamishie taarifa zako hapo daftari linapoboreshwa.

Sheria inaitaka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na uteuzi wa wagombea wa uchaguzi unaofuata. Mzunguko uliopita ulizinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai 2024, na mikoa ilipofikiwa ilipewa siku saba tu. Siku saba ni chache kwa mtu wa shamba au wa duka. Aliyepoteza kadi, aliyekosewa jina, kijana atakayetimiza miaka 18 kufikia siku ya kura, wote wajipange kabla mashine hazijafika kwenye kata. Waliomo tayari kwenye daftari waliweza kuanza kurekebisha taarifa kwa mtandao, ila kumalizia ni lazima kituoni. Na usijiandikishe mara mbili ukidhani unajiwekea akiba. Hilo ni kosa la jinai.

Wazee wapelekwe asubuhi, wasiachiwe siku ya mwisho. Nilimsindikiza mama kutoka Kibosho. Vidole vyake vimelimwa na jembe na kahawa kwa miaka mingi, na mashine ikakataa alama mara tatu. Karani, binti mdogo mwenye adabu, akamwambia, "Bibi, tusikate tamaa, tujaribu kingine." Tukaomba maji ya uvuguvugu, mama akanawa, akajifuta kwa kanga, akabonyeza tena polepole. Kikakubali. Ingekuwa jioni ya siku ya saba na foleni nyuma yetu, sijui kama tungepewa nafasi hiyo.

Jambo linalowakwaza wengi ni kudhani kadi ya mpiga kura inatosha kwa kila uchaguzi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, na ulikuwa na orodha yake ya wakazi iliyoandikwa Oktoba mwaka huohuo. Wapo waliokwenda na kadi mkononi wakakuta jina halimo. Safari ijayo uliza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji mapema, usisubiri spika za gari zipite.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Mji wetu unaishi kwa Mlima Kilimanjaro. Njia ya Machame huchukua siku sita au saba, na Oktoba wageni bado wanapanda. Mgumu, ndivyo tunavyomwita mpagazi wa mlimani, aliyebeba mzigo wa mgeni siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, alikuwa juu kambini, vituo vikifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Hakususia, alikuwa anatafuta ada ya watoto. Zanzibar wana kura ya mapema kwa watakaokuwa kazini siku ya uchaguzi, wakiwamo askari na wasimamizi. Sioni kwa nini wagumu na waongozaji, na hata manesi wa zamu, wasiwekewe utaratibu wa namna hiyo huku Bara.

Lakini ukienda kutoa maoni, jua kwanza unagonga mlango upi. Kura ya mapema inaweza kuingizwa kwa kurekebisha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya 2024. Mgombea binafsi, au haki ya kupinga matokeo ya urais mahakamani, ni suala la Katiba, na kuibadili kunahitaji angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Haya mawili Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, imekwisha kuyatolea hukumu: la mgombea binafsi mwaka 2013, la matokeo ya urais mwaka 2020. Hukumu hizo zitajwe kwa mwaka na hoja yake, kwa sababu mwananchi wa kawaida hawezi tena kuishitaki Tanzania moja kwa moja kule. Serikali iliondoa ridhaa yake ya kuruhusu mashitaka hayo, na uondoaji huo ulianza kutumika Novemba 2020.

Najua baada ya uchaguzi wa 2025, ambapo watu walipoteza maisha na intaneti ikazimwa, wapo wanaouliza daftari lina kazi gani. Siwalaumu. Kwangu ndiyo sababu ya kushika yote mawili, daftari na sheria.

Maoni yawe ya mtu mmoja na tukio moja, yaandikwe ukurasa usiozidi mmoja. Januari 2024 kamati ya Bunge ilipopokea maoni ya miswada ya uchaguzi kule Dodoma, siku zilikuwa za kuhesabu, na aliyekuwa hajaandika kitu hakuwahi. Jumapili baada ya misa nimekaa na vijana wawili wa mlimani, nikawaomba watoe ratiba zao za Oktoba. Mmoja ameandika: tarehe 27 getini Machame, tarehe 29 kambi ya Barranco. Huo ndio ukurasa wetu wa kwanza.