Mwambani na watoto wadogo: kupanga asubuhi ya maji kupwa

Likizo ya mwisho wa mwaka huangukia kwenye joto la kaskazi, na familia nyingi za pwani huwapeleka watoto ufukweni saa tano, jua likiwa utosini na maji yamejaa. Mtoto wa miaka minne hana la kufanya hapo zaidi ya kurukaruka kwenye povu na kulia mchanga ukimwingia machoni. Mpeleke maji yakiwa yametoka, atembee juu ya mwamba na kuchungulia vidimbwi. Mengi hapa ni kuchagua siku. Ukikosea siku, hata vifaa vizuri havisaidii.

Siku na saa

Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapopevuka. Siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Zanzibar, hupita mita 3. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu: tofauti hushuka hadi kama mita 1, na mwamba wa nje haufunuki. Usiende maji mafu.

Tatizo ni kwamba kwenye kilele cha bamvua maji ya mchana hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kwa mvuvi si neno, lakini mtoto wa miaka mitatu atakuwa anarudi kwa miguu jua la saa sita. Dawa yake ni kutangulia kidogo. Kwa kuwa saa ya maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, siku moja au mbili kabla ya mwezi kupevuka au kuandama maji hupwa kati ya saa mbili na nusu na saa nne. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu, hizo ni tarehe 12 hadi 14, na tena 27 hadi 29. Maji hayatoki mbali kama siku ya kilele, ila mwamba wa kutosha watoto hufunuka. Hakikisha saa kamili kwenye jedwali la maji la bandari iliyo karibu, na uchague siku ambayo kina cha maji kupwa kimeandikwa mita 0.6 au chini ya hapo.

Sasa hesabu ya muda. Tuseme maji yanapwa saa tatu kasoro robo. Ingieni mwambani saa moja na robo, mkiyafuata maji yanapotoka, na geuzeni kurudi saa ileile ya maji kupwa, hata kama watoto wanalia kubaki. Wageni wengi hukosea hapa, huona maji yamesimama wakadhani wana saa mbili mbele yao. Maji yanayopanda mita 3.3 kwa saa sita hayapandi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza ni kama sentimita 28, ya pili 55, ya tatu 83. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa kama mita 1. Isitoshe, kati ya mwamba na ufukwe mara nyingi kuna bonde, nalo hujaa kwanza. Mnaangalia bahari mbele, kumbe maji yameshapita nyuma yenu.

Vya kuchukua

Viatu kwanza. Malapa hayafai: hunasa kwenye tope, mkanda huchomoka, na mtoto hubaki peku katikati ya miiba. Yeboyebo ni afadhali, lakini matundu yake hupitisha mwiba. Kinachofaa ni raba kuukuu zenye soli nene, zimefungwa kamba, na soksi ndani ili mchanga usichubue. Nguo iwe shati la mikono mirefu la rangi ya chungwa au nyekundu. Buluu na nyeupe hupotea kwenye maji, na mtoto akisogea hatua 30 macho yanamtafuta. Kofia iwe na kamba ya kidevuni, maana upepo wa kaskazi hauombi ruhusa. Maji ya kunywa ni lita 1 kwa kila mtoto. Chukua pia kanga mbili: moja ya kubebea aliyechoka, nyingine ya kulowesha na kumfunika mabegani.

Ongeza chupa ya chai ya lita 1 iliyojaa maji yaliyochemka, na ndoo ya lita 5. Kazi yake tutaiona mbele.

Kifaa cha kuchungulia kitengenezwe usiku wa kuamkia safari, na watoto wasaidie. Chukua chupa ya maji ya lita 5, kata kitako na sehemu ya juu, ubaki na mrija mpana wenye urefu wa sentimita 20 hivi. Pitisha utepe wa gundi kwenye kingo, maana plastiki iliyokatwa hukata kama wembe. Tandaza mfuko mwangavu upande mmoja, uvute bila mikunjo, ufunge kwa mpira wa tyubu kuzunguka mara tatu. Ukizamisha upande huo sentimita 5, maji husukuma mfuko kuja juu na kila kitu huonekana kikubwa kidogo, bila mng'ao. Mfuko ukilegea maji yatapenya, kwa hiyo ujaribu kwanza kwenye beseni nyumbani.

Mkifika

Mtu mzima mmoja kwa watoto wawili wa chini ya miaka sita, na kila mmoja ajue wake ni nani. "Tunawaangalia wote" maana yake hakuna anayeangalia.

Anzeni na vidimbwi vya karibu na ufukwe. Mwende taratibu, mkiburura miguu penye mchanga ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia apate kukimbia. Kwenye kidimbwi, pigeni magoti jua likiwa begani. Likiwa mgongoni, kivuli chenu huwafukuza samaki, na likiwa usoni mng'ao huwapofusha. Kaeni kimya dakika mbili. Hapo ndipo kaa aliyehamia gamba la konokono huanza kutembea na vijisamaki hutoka mapangoni. Mtoto mdogo hawezi dakika mbili? Mwambie ahesabu miguu ya kaa.

Jiwe la kugeuza lisizidi kichwa cha mtoto, na ageuze mtu mzima. Inua ukingo wa mbali kuja kwako, ili jiwe likukinge na kitakachotoka. Kisha lirudishe lilivyokuwa, maana viumbe walio upande wa chini hufa jua likiwapiga. Kiti cha pwani, yule mwenye umbo la nyota, na jongoo bahari waguswe kwa vidole viwili vilivyolowa, palepale majini. Jongoo akikerwa, aina nyingine hutoa nyuzi nyeupe zinazonata kwenye nywele za mtoto kuliko ubani wa kutafuna. Kwenye ndoo aingie kiumbe mmoja, dakika tano basi, kwa sababu maji kidogo hupata moto haraka.

Wapo wasioguswa: mpira wa miiba mirefu myeusi, konokono mwenye gamba la umbo la pia, hata likionekana tupu, na chochote kinachofanana na jiwe lenye macho, yaani samaki-jiwe. Magamba yaacheni, kaa wanayahitaji. Ndani ya hifadhi ya bahari kama Watamu, Kenya, iliyotengwa tangu 1968, kuokota ni kosa kisheria. Paje na Jambiani, Zanzibar, msipite kati ya vigingi na kamba za mwani, maana hizo kamba ni shamba la mtu.

Mwiba ukimchoma mtoto, changanya maji ya ile chupa ya chai na lita 3 za maji ya bahari kwenye ndoo. Utapata joto la karibu nyuzi 44. Jaribu wewe kwanza kwa mkono mzima, usimuulize mtoto. Yakikuunguza, ongeza ya baridi. Zamisha mguu hadi maumivu yapungue, kwa kawaida nusu saa au zaidi, mkiwa mmeshafika nchi kavu. Mwiba unaojitokeza utoe kwa kibanio, uliozama usiuchokonoe kwa sindano, utakatika vipande. Utomvu wa papai bichi, ambao wengi huupaka, huwasha ngozi laini ya mtoto. Aliyechomwa na samaki-jiwe au taa apelekwe hospitali baada ya kuanza maji ya moto. Aliyechomwa na konokono wa umbo la pia asisubiri maji: fungeni bandeji ya kubana kiungo kizima, asitembee, abebwe moja kwa moja.