Mtambo umesimama, skrini inasoma 50: kukagua bodi ya pulsi ya turbini

Turbini imesimama kabisa, hata ile mota ya kuzungusha shafti polepole imezimwa, lakini skrini inaonyesha mizunguko 50 kwa dakika na haibanduki hapo. Usikimbilie kuagiza bodi mpya ya pulsi, yaani kadi inayohesabu mapigo ya umeme ambayo sensa hutoa kila jino la gia linapopita mbele yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na gia nyingi za kupimia mwendo zina meno 60 kwa makusudi, ili hezi moja iwe sawa na mzunguko mmoja kwa dakika. Hiyo 50 karibu kila mara ni umeme wa kawaida uliopenya kwenye waya wa sensa. Hapo bodi inahesabu sawasawa kile inacholetewa.

Kabla ya kugusa chochote, pata kibali cha kazi, funga kwa kufuli vali ya mvuke au milango ya maji, na hakikisha shafti haizunguki. Kisha chomoa waya wa sensa kwenye terminali za bodi na uunganishe terminali hizo mbili kwa kipande kifupi cha waya. Namba ikishuka hadi sifuri, tatizo liko nje, kwenye kebo au sensa. Ikibaki palepale, hapo ndipo bodi inashukiwa.

Sensa ya sumaku isiyotumia umeme ni koili tu. Ipime kwa multimita: kwa kawaida utapata kuanzia ohm mia kadhaa hadi elfu chache. Mitambo mingi ina sensa tatu, basi zilinganishe. Mbili zikikaribiana na ya tatu iko mbali, umeshampata mgonjwa. Usipime ganda la waya kwa mega (kifaa cha kupima kama ganda linavujisha umeme) ya volti 500 kebo ikiwa bado imeshikamana na bodi. Utaiua bodi nzima.

Sasa nafasi kati ya sensa na jino. Mara nyingi huwa karibu milimita 1, lakini fuata kitabu cha mtambo wako. Zungusha shafti kwa mkono hadi kilele cha jino kikae mbele ya sensa. Hapa ndipo sensa nyingi hufia: fundi akipima sensa ikiwa imeelekea bondeni, kati ya meno mawili, jino linalofuata huikata kichwa mara shafti inapozunguka. Ikiwa huna fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) inayofika, ingiza sensa taratibu hadi iguse jino, kisha irudishe nyuma. Kwa uzi wa M16 wenye hatua ya milimita 1.5, theluthi mbili za mzunguko ni milimita 1 kamili. Kaza nati, kisha pima tena, kwa sababu nati huivuta sensa. Futa pia unga wa chuma unaonasa kwenye sumaku.

Kwenye kebo, ule wavu wa kinga ufungwe erthi upande mmoja tu, kwa kawaida kwenye paneli. Ukifungwa pande zote mbili, wenyewe unakuwa njia ya umeme. Kebo ya sensa isilale sambamba na kebo za mota. Ikilazimika kukutana nazo, izikate kwa pembe mraba. Huku kwetu Tanga kuna adui mwingine: chumvi. Upepo wa kusi huileta pamoja na unyevu, na terminali za shaba hugeuka kijani. Volti za sensa ni ndogo, kwa hiyo kutu hiyo inatosha kuzipoteza, hasa shafti inapozunguka polepole. Kwa mitambo ya maji, kama ile ya Hale na New Pangani Falls, mwendo uko chini sana ya mizunguko 3,000 kwa dakika, basi usafi wa terminali na nafasi ya sensa vina uzito zaidi.

Ukishaipata bodi na hatia, linganisha namba yake pamoja na herufi ya toleo, vaa mkanda wa kuondoa umeme tuli, piga picha jampa zote (vipande vidogo vya kuchagua mpangilio wa bodi) kabla ya kuchomoa, na uziweke vilevile kwenye bodi mpya. Halafu kagua idadi ya meno iliyoingizwa kwenye programu. Usiliruke hili. Gia ikiwa na meno 60 na mtu akaandika 64, skrini itasoma 3,000 wakati shafti inakimbia 3,200. Kinga ya mwendo kupita kiasi iliyowekwa 3,300 itafanya kazi shafti ikiwa imefika 3,520. Namba zote zitaonekana nzuri, na mtambo utakuwa hatarini. Hesabu meno kwa macho yako, ukiweka alama ya chaki pa kuanzia.

Thibitisha kwa jenereta ya mawimbi: toa volti 1 ya wimbi laini la sine kwenye terminali za bodi, hezi 100, 1,000, kisha 3,000. Kwa meno 60 lazima skrini isome namba hizohizo. Ukipandisha hadi 3,300 kwenye chaneli mbili kati ya tatu (kila sensa ina chaneli yake) kwa pamoja, mtambo wenye kura ya mbili kwa tatu, yaani unaojizima chaneli mbili zikikubaliana, lazima utripu, yaani ujizime. Fanya hivyo ukiwa umekubaliana na chumba cha udhibiti. Siku ya kuwasha, simama kwenye mizunguko 500 na usome chaneli zote tatu. Zikitofautiana, usipandishe mwendo.