Jinsi ya kutengeneza chinampa kwenye shamba la bondeni, vile Waazteki walifanya

Kama uko na kipande bondeni na kila Aprili maji yanatuama hapo mpaka mahindi yanageuka njano, usiuze kwanza. Waazteki kule Meksiko mji wao Tenochtitlan waliujenga kisiwani, katikati ya ziwa, mwaka 1325, na sehemu kubwa ya chakula chao ilitoka kwa matuta ya tope yanayoitwa chinampa, mengi yakiwa upande wa Xochimilco na Chalco. Ng'ombe wa kulima hawakuwa nao, plau hakuna, ni mti wa kuchimbia na mtumbwi basi. Na wanaosema eti ni bustani zinazoelea, waache tu, hazielei, zimekaa chini kabisa.

Ila kabla hujashika jembe: mafunjo usiguse. NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira ya serikali, watakuja wakufukuze na mimi nitakuwa upande wao, yale mafunjo ndiyo yanatuchujia maji. Hata kama uko na hati, uliza kwanza ofisi ya mazingira ya wilaya kama hapo si kinamasi.

Anza kiangazi, Januari hivi ama Julai. Tuta pima upana wa mita 2 ili mkono ufike katikati bila kulikanyaga, urefu ni wewe na pesa ya vibarua. Piga vigingi pembeni, suka fito, halafu chimba mfereji wa mita 1 kila upande na ule udongo wote urushe juu ya tuta, majani kidogo, tope, majani tena, tope tena. Simama ukishapita alama ya maji ya mvua kubwa kwa kama nusu mita. Hapa ndipo watu wanaharibu, wanapandisha tuta juu sana wakidhani ndiyo usalama, kumbe kazi ya mfereji ni maji kupanda polepole ndani ya udongo mpaka kwa mizizi, sasa ukilipandisha kupita kiasi Julai utakuwa unabeba jerikeni kama wengine.

Pembeni wao walipanda ahuejote, mti mwembamba usioleta kivuli kingi lakini mizizi yake inashika ukingo. Hapa kwetu weka mti wa sesbania, hauogopi maji. Matete pia yanashika kama uko na ng'ombe, ila ukisahau kukata yatameza tuta lote.

Miche sasa, na hii ndiyo napenda kuliko zote. Chota tope laini la mfereji, mwaga juu ya majani ya ndizi unene wa vidole vinne, ngoja likauke kidogo lisishike mkono, kisha kata kwa panga vipande vya mraba kama unakata mandazi. Kila kipande toboa kwa kidole, weka mbegu, funika na mboji ya mbuzi na nyasi juu. Mche ukisimama unaubeba na kipande chake chote unaenda kuupanda, mizizi haijui hata kama imehama. Waazteki walifanya hivyo kwa nyanya na pilipili, ndiyo maana tuta halikukaa bure, zao moja likitoka lingine liko tayari.

Mahindi changanya na maharagwe na maboga, hiyo tunaijua. Dodo nayo panda, yaani mchicha, wao walikula na mbegu zake, sisi tunachuma majani mbegu tunatupa, hasara tupu. Mahindi yao yalichemshwa na chokaa yakalala humo usiku, alfajiri wanawake wanasaga kwa jiwe wapate tortilla, chapati yao ya mahindi, na ile chokaa inafanya mwili upate niasini, vitamini B3, ambayo kwenye posho letu, yaani ugali, inabaki imefungwa. Kazi ya jiwe lakini, aisee, wacha mashine ya posho iitwe baraka.

Mbu watakuja, maji yamesimama. Weka ngege, yaani samaki wa tilapia, kwenye mfereji, wanakula viluwiluwi vya mbu na wewe unapata kitoweo, ila nyasi za pembeni fyeka ndiyo samaki wafike.

Kila kiangazi zoa tope la chini ya mfereji urudishe juu, hiyo ndiyo mbolea yako. Kwa hiyo kama kuna mtaro wa gereji au maji ya choo yanaingia humo, ziba kabla hujapanda hata mche mmoja.