Lengo lenye saa yake: nilivyojifunza kuzungumza na binti yangu

Binti yangu ni kiziwi. Miaka miwili mfululizo niliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu: "Mwaka huu nijifunze lugha ya alama." Miaka yote miwili nilifika Desemba nikijua salamu, namba na rangi. Uvivu sikuwa nao, na mapenzi kwa mtoto hayakupungua hata siku moja. Lengo lenyewe ndilo lililokaa vibaya. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye lengo analolipenda kwa dhati na bado halisogei.

Anza kwa kujiuliza: nitajuaje kwamba nimefika? Kwa "kujifunza lugha ya alama" swali hilo halina jibu, kwa sababu hata mkalimani aliyebobea bado anajifunza. Mwaka wa tatu nilifuta sentensi ile nikaandika nyingine: "Kufikia mwisho wa mwezi wa sita, nimsimulie binti yangu hadithi ya dakika tano kabla hajalala, bila kuandika neno kwenye karatasi, kisha yeye anieleze iliishaje." Hapo pana tarehe, pana kitanda, na pana mtu wa kuthibitisha. Papo hapo nikajua pia nini cha kuacha. Nilikuwa nimepoteza wiki nzima kwenye alama za nchi za dunia, wakati nilichohitaji ni "halafu", "ghafla", "akaogopa", "kumbe".

Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham wamelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa. Walichokuta ni kwamba lengo mahususi na gumu kiasi humfanya mtu afanye vizuri kuliko kumwambia tu "jitahidi uwezavyo", ilimradi amelikubali mwenyewe, ana uwezo nalo, na anapata habari za maendeleo yake. Ila kazi ikiwa ngeni kabisa, lengo la kufikia kiwango fulani linaweza kukuvuruga. Hapo ni afadhali kwanza ujiwekee lengo la kutafuta mbinu. Mimi mwezi wa kwanza sikujidai hadithi. Lengo langu lilikuwa kupata njia tatu zinazonisaidia kukumbuka alama mpya. Nilizipata mbili: kujirekodi kwa simu na kujitazama, na kujifunza alama mbele ya kitu chenyewe badala ya kwenye orodha.

Sasa nije kwenye kipande ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kinachobeba mzigo wote: saa na mahali. Nilianza kwa kuandika "nitafanya mazoezi kila jioni". Jioni ni pana mno. Ina wageni, ina uchovu, ina simu ya dada yako. Siku kumi zikapita nikiwa nimefanya mara tatu. Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna ya "hali fulani ikitokea, nitafanya tendo fulani". Miaka 7 baadaye yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mbinu hiyo, wakaona inasaidia kweli watu kufikia walichokusudia. Sababu yake ni nyepesi: uamuzi umeshafanyika mapema, na tukio lenyewe ndilo linalokukumbusha. Sentensi yangu ikawa: "Nikishatundika kitambaa cha kufutia vyombo, nitakaa kwenye kiti cha dirishani na kufanya alama nane kwa dakika kumi na tano." Kitambaa kile kilinisukuma kuliko kengele yoyote ya simu.

Kwa hiyo chukua lengo lako ulitafutie kitambaa. Tafuta jambo unalolifanya kila siku bila kufikiri, lenye mwisho unaoonekana kwa macho, uliunganishe na tendo dogo. Andika sentensi nzima kwa mkono wako. Ukishindwa kusema utakuwa umekaa wapi, bado hujamaliza kupanga.

Kikwazo nacho kipangie. Watu wengi hupanga kana kwamba kizuizi kitatoka nje. Changu kilikuwa ndani: aibu. Kila nilipokosea alama mbele ya mtoto nilikimbilia kalamu. Nikaandika mpango mwingine: "Nikisahau alama, nitanyoosha kidole kwenye kitu na kumuuliza." Mara ya kwanza nilipofanya hivyo aliweka chini alichokuwa nacho, akashika vidole vyangu viwili, akavikunja kimoja kimoja, kisha akainua nyusi zangu kwa dole gumba lake. Nilikuwa nauliza swali kwa uso uliolala. Katika lugha nyingi za alama nyusi ni sehemu ya swali lenyewe, na video zote nilizotazama hazikuwa zimenifanya niligundue hilo.

Utakosa siku. Mimi nilikosa wiki nzima nilipougua, na nilirudi kwa sababu nilikuwa nimesoma utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya. Muda wa kati hadi tendo kuwa la kawaida ulikuwa siku 66, lakini tofauti zilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Kukosa nafasi moja hakukuharibu mwenendo mzima. Basi usianze upya kuhesabu kutoka sifuri, wala usijiadhibu kwa kufanya mara mbili kesho yake. Rudi kwenye kiti.

Jumapili nilikuwa nafungua daftari kwa dakika tano: nimefanya siku ngapi, nini kimekwama, nini nibadilishe. Basi.

Kuhusu tarehe, usijiamini sana. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34, na kazi yenyewe ikawachukua takriban siku 55. Dawa ninayoijua ni kuangalia jambo la namna hiyo lilikuchukua muda gani mara ya mwisho, kisha upange kwa hesabu hiyo na uachane na matumaini. Sikufanya hivyo. Mwezi wa sita ulipoisha nilikuwa na hadithi ya dakika mbili, yenye mapengo. Nikasogeza tarehe hadi mwisho wa Agosti na kuliacha lengo lilivyo, kwa sababu daftari lilionyesha kwamba nilikuwa nasonga. Kama daftari lingeonyesha miezi miwili mitupu, ningebadilisha mpango kabla ya kugusa tarehe.

Tarehe 23 Agosti nilimsimulia hadithi ya sungura aliyepotea njia. Nilisahau alama moja, nikauliza, tukaendelea. Nilipomaliza, akanieleza mwisho wake kwa usahihi, kisha akaongeza wake, ambao nusu yake sikuuelewa. Kesho yake nikaandika kwenye ukurasa mpya: "Kufikia mwisho wa Februari, nifuate mazungumzo yake na rafiki yake mmoja kwa dakika kumi bila kumwomba arudie. Nikishawasikia mlangoni, nitaweka simu kabatini na kukaa nao."