Kabla hujanunua mota, piga hesabu ya mtambo mzima

Anzia kwenye kazi, si dukani. Jua shafti ya mwisho inataka kilowati ngapi, ndipo urudi nyuma hadi kwenye mota. Ukitajiwa hospawa, 1 ni wati 746.

Andika kila kinachopitisha nguvu: mkanda, giaboksi, mnyororo, beringi. Kila kimoja kinakata chake.

Kisha zidisha ufanisi wa vyote, yaani sehemu ya nguvu ambayo kila kimoja kinapitisha. Nasema zidisha, usitafute wastani! Hapa ndipo nilipoungua. Nilikuwa naunda konveya ya kupandisha mahindi, inayotaka kilowati 2.2. Mkanda niliupa ufanisi wa asilimia 95, mnyororo 96, giaboksi 60, maana ilikuwa ile ambayo shafti yenye nyuzi kama skrubu inazungusha gurudumu la meno. Aina hiyo ikipunguza mwendo sana hula nguvu kama mchwa. Nikajumlisha, nikagawa kwa 3, nikapata karibu 84. Kwa hiyo 2.2 gawanya kwa 0.84, kilowati 2.6. Nikanunua mota ya 3 na kujiona mjanja, hata akiba ninayo. Siku ya kwanza tu relei ya ovalodi, kile kifaa kinachozima mota ikizidiwa, ikawa inakata kila mara. Kijana wangu akaizungusha ikubali amperi zaidi, nami nikamwangalia tu (kosa langu, si lake). Jioni tukasikia harufu ya vanishi ya nyaya za mota inayoungua. Hesabu ya kweli ni 0.95 × 0.60 × 0.96, yaani asilimia 55 hivi. Mota ilitakiwa kutoa kilowati 4 na kidogo, basi saizi inayofuata ni ya 5.5. Katika hizo, giaboksi peke yake ingegeuza kama 1.5 kuwa joto. Ndiyo maana ilikuwa haishikiki.

Kilowati za kwenye kibati cha mota ni za shaftini. Ufanisi wa mota yenyewe usiuingize unapochagua saizi. Uingize unapokadiria umeme.

Ukipima umeme, amperi pekee hazitoshi. Pima volti na pawa fakta pia (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli).

Asilimia za katalogi ni za kitu kipya kilichofungwa sawasawa. Puli zikipinda, mkanda ukilegea, mafuta yakipungua, zinashuka. Waya mrefu mwembamba nao unakula volti. Na mikanda uiwekee kava kabla hujawasha, watoto wakae mbali, kanzu na khanga zisikaribie kabisa.