Kujichoma methotrekseti nyumbani: hesabu kwanza, sindano baadaye

Mgonjwa wa baridi yabisi akihamishwa kutoka vidonge kwenda sindano, kinachomtisha ni ile ncha. Lakini sindano ya chini ya ngozi ni nyembamba, na wengi huona haiumi kushinda kutobolewa kidole wakati wa kupima malaria. Hatari ya dawa hii iko kwenye mambo mawili yasiyotisha hata kidogo: kalenda, na kugeuza miligramu kuwa mililita. Ukiyamudu hayo, kuchoma kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Hata hivyo, mara ya kwanza jichome mbele ya muuguzi, akuone ukivuta dawa mwenyewe.

Dawa yenyewe ni methotrekseti; kwenye kichupa utaona imeandikwa Methotrexate. Kwa kawaida daktari humpeleka mgonjwa kwenye sindano vidonge vikimletea kichefuchefu kisichovumilika, au dozi ikipanda kupita miligramu 15 kwa wiki, kiwango ambacho utumbo huanza kushindwa kufyonza kidonge chote.

Mara moja kwa wiki

Dozi za baridi yabisi huwa kati ya miligramu 7.5 na 25, mara moja kwa wiki. Ukiichoma kila siku, dawa hiyohiyo hukausha uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), huchubua mdomo na utumbo, na inaweza kuua ndani ya siku chache. Kosa hili huanzia mbali: bahasha ya duka la dawa imeandikwa "1×1" kwa mazoea, na aliye nyumbani anasoma kutwa mara moja. Mwombe mfamasia aandike siku kwa jina lake, "kila Ijumaa jioni", na uweke alama kwenye kalenda ya ukutani baada ya kuchoma, usiweke kabla. Jioni inafaa kwa sababu kichefuchefu kikija kinakukuta umelala, na vidole vya mgonjwa wa baridi yabisi huwa vimelegea kuliko asubuhi.

Siku ya kwanza ya sindano ndiyo siku ya mwisho ya vidonge vya methotrekseti. Vilivyobaki virudishe duka la dawa. Mara nyingi ni vya manjano, na vya foliki asidi, vitamini unayopewa kupunguza madhara ya dawa hii, navyo huwa vya manjano. Vikikaa kabati moja, ipo siku utameza kisichotakiwa. Foliki asidi unaendelea nayo kama ulivyoandikiwa. Wengi hupewa miligramu 5 mara moja kwa wiki, katika siku tofauti na ya sindano.

Ukisahau siku yako, unaweza kuchoma ndani ya siku mbili zinazofuata. Zikipita, ruka hadi siku ya kawaida ya wiki ijayo. Usichome dozi mbili kufidia.

Kusoma kichupa

Kichupa kinachopatikana sana kimeandikwa 50 mg/2 ml, yaani kila mililita moja ina miligramu 25. Kwa kichupa hicho, gawa dozi yako kwa 25 upate mililita. Miligramu 7.5 ni ml 0.3, 10 ni 0.4, 12.5 ni 0.5, 15 ni 0.6, 20 ni 0.8, na 25 ni ml 1 kamili.

Sasa mtego. Viko vichupa vya methotrekseti vilivyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, ambavyo kila mililita ina miligramu 100. Aliyezoea kuvuta 0.6, akiuziwa hicho bila kutazama, anajichoma miligramu 60 badala ya 15. Bomba zilizojazwa tayari kiwandani nazo nyingine zina miligramu 50 kwa mililita. Kwa hiyo kila unaponunua, hata kama ni duka lilelile, soma idadi ya mg na idadi ya ml, ugawe upya. Ukipata jibu tofauti na la wiki iliyopita, simama hapo na umpigie aliyekuandikia.

Mtego wa pili ni bomba la insulini, ambalo watu hulipenda kwa sababu sindano yake ni fupi na nyembamba. Linafaa, ila mistari yake inahesabu yuniti, haihesabu miligramu. Kwenye bomba lililoandikwa U-100, yuniti 100 ni mililita 1, hivyo ml 0.6 ni mstari wa 60. Anayeambiwa "dozi yako ni 15" akavuta hadi mstari wa 15 amejipa chini ya miligramu 4, kisha miezi inapita anashangaa viungo bado vimevimba. Bomba la U-40 liache kabisa, mistari yake ina hesabu nyingine. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua bomba la kawaida la ml 1 lenye alama za desimali: mkanganyiko unakwisha.

Kuvuta dawa

Andaa mezani, mbali na chakula na watoto: kichupa, bomba la ml 1, sindano mbili (ya kijani ya kuvutia, ya rangi ya chungwa yenye urefu wa mm 16 ya kuchomea), pamba ya spiriti, pamba kavu, na boksi la usalama. Dawa iwe ya manjano na angavu. Ikiwa na chembe au ukungu, usiitumie. Tazama tarehe ya kuisha. Nawa mikono kwa sabuni.

Ng'oa kifuniko cha juu, futa mpira kwa spiriti, uache ukauke. Vuta hewa kiasi kilekile cha dawa unayotaka, choma mpira, sukuma hewa ndani, kisha pindua kichupa juu chini na uvute dawa. Hatua ya hewa watu huiruka, halafu kisukumio kinawarudia wenyewe na dawa haitoki: ndani ya kichupa hakuna hewa ya kushika nafasi yake. Ncha ibaki ndani ya dawa wakati wote. Povu likiingia, gonga bomba kwa kidole lipande juu, ulirudishe kichupani, uvute tena hadi mstari. Soma mstari ukiwa umeliinua bomba usawa wa macho. Badilisha sindano. Usirushe dawa hewani kutoa povu. Hii ni dawa yenye sumu kwa chembe hai za mwili, haitakiwi mezani wala kwenye ngozi. Kiputo kidogo chini ya ngozi hakina madhara.

Vidole vikikataa kushika, zungushia bomba kitambaa au plasta nene upate unene, egemeza viwiko mezani, na wakati wa kuchoma sukuma kisukumio kwa kitako cha kiganja badala ya dole gumba. Mtu wa nyumbani anaweza kukuvutia dawa, ila avae glavu, na asiwe mjamzito.

Kichupa kisicho na dawa ya kuzuia vijidudu ni cha matumizi ya mara moja, hata kama nusu yake imebaki. Inauma mfukoni, tunajua. Kutunza baki kunawezekana pale tu lebo inaporuhusu kuvuta zaidi ya mara moja, na kwa muda ulioandikwa. Hifadhi vichupa kwenye boksi lake, gizani, chini ya nyuzi joto zilizoandikwa, friji haihitajiki.

Kuchoma

Mahali ni tumboni, sentimita 5 mbali na kitovu, au mbele ya paja katikati. Hamahama: wiki hii tumbo kulia, ijayo kushoto, kisha mapaja. Epuka kovu, jeraha na palipovilia damu. Futa kwa spiriti na usubiri ikauke. Anayelalamika kwamba sindano inachoma kama moto mara nyingi hakusubiri.

Shika mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili. Sindano ya mm 16 iingize kwa mshazari wa nyuzi 45. Ile fupi ya insulini iingize wima. Ingiza kwa haraka, sukuma taratibu, hesabu hadi tano, chomoa, achia ngozi. Bonyeza kwa pamba kavu bila kusugua. Tone la damu si tatizo.

Usirudishe kifuniko kwenye sindano. Bomba na sindano vyake viingie boksini hapohapo. Kama huna boksi la usalama, chupa ngumu ya plastiki ya sabuni yenye kifuniko cha kuzungusha inatosha. Ikijaa robo tatu, ipeleke kituo cha afya. Chooni na jalalani ni kumpelekea mwingine ajali. Dawa ikimwagika, ifute ukiwa na glavu, uoshe kwa maji na sabuni. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 15 na uende kituoni.

Dawa zisizopatana nayo

Hapa kwetu kuna mbili za kuogopa kuliko zote kwa sababu zinapatikana kirahisi: Septrin na SP, yaani Fansidar. Zote, kama methotrekseti, zinazuia mwili kutumia foliki, na zikikutana uboho unaweza kuzimika. Mwambie kila anayekutibu mafua, mkojo au malaria kwamba unatumia methotrekseti kabla hajaandika chochote. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, hivyo panga safari na daktari mapema. Pombe huongeza mzigo wa ini. Mwanamke anayeweza kushika mimba atumie uzazi wa mpango wa uhakika, na akitaka mtoto azungumze na daktari miezi kadhaa kabla.

Picha kamili ya damu, ini na figo hupimwa mara kwa mara mwanzoni, kila wiki 2 hadi 4, kisha kila miezi 2 au 3 mambo yakitulia. Usiruke kipimo kwa sababu unajisikia vizuri.

Usichome, na uende hospitali, ukipata homa, vidonda mdomoni, kikohozi kikavu na kubanwa pumzi, michubuko isiyo na sababu, au macho ya manjano. Homa ipimwe malaria, sawa, lakini na damu nayo ipimwe, kwa kuwa chembe nyeupe zikishuka maambukizi madogo hukua haraka. Ukiharisha au kutapika sana, ahirisha sindano hadi upone: figo zikikosa maji haziitoi dawa mwilini.

Ukigundua umejichoma zaidi ya dozi, au umechoma mara mbili ndani ya wiki, usisubiri dalili. Nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo ukiwa na kichupa na bomba ulilotumia, useme ni methotrekseti, kiasi gani na saa ngapi. Ipo dawa ya kuitegua, foliniki asidi, ambayo ni tofauti na foliki asidi yako ya nyumbani, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema.