Boti imekaa chini majini? Tafuta uzito kabla ya kuongeza ubao

Hapa Kigoma, boti ndogo ya mashine ikianza kukaa chini hadi ukingo wa nyuma unabaki shubiri moja kutoka majini, ushauri unaotangulia ni mmoja: ongeza ubao juu. Ushauri huo siupendi. Ubao wa juu hauinui boti. Unaongeza uzito, halafu unampa mwenye boti moyo wa kupakia zaidi. Boti ikikaa chini, imebeba kitu. Kitafute hicho kwanza.

Hesabu za hapa ni za boti ya mbao ya mita 7 hivi, upana mita moja na nusu, mashine ya HP 15. Yako ikiwa kubwa au ndogo, rekebisha.

Hatua ya 1: Pima. Shusha kila kitu: nyavu, taa, betri, tanki la petroli, mashine yenyewe. Chota maji yote. Asubuhi ziwa likiwa limetulia, chukua futi kamba upime kutoka ukingoni hadi kwenye maji mahali panne: mbele kushoto na kulia, nyuma kushoto na kulia. Andika. Rudisha mashine, pima. Rudisha tanki, pima. Weka vifaa, kisha watu wakae pale wanapokaa wakiwa kazini, pima tena.

Boti ya ukubwa huu hushuka kama sentimita moja kwa kila kilo 70 zilizosambazwa vizuri. Angalia sasa alama ya zamani ya maji kwenye ubavu, ule mstari wa mwani na rangi iliyopauka. Kama boti tupu imeshuka sentimita 4 chini ya alama hiyo ilipokuwa tupu zamani, una karibu kilo 280 ambazo hukuzipakia wewe.

Hatua ya 2: Maji yaliyojificha. Hapa ndipo wengi wanapokutana na tatizo lao. Ng'oa mbao za sakafu. Kila taruma, yaani mbao iliyopinda inayokatiza boti kwa ndani, lina kitundu chini cha kupitishia maji yaende nyuma yanakochotwa. Vitundu hivyo huziba kwa magamba, mchanga, vipande vya nyuzi za nyavu, na dagaa waliooza wakawa kama uji. Kijana anachota nyuma kwa kopo, anaona pamekauka, anasema tayari. Kumbe mbele, kati ya taruma na taruma, maji yamelala.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Maji ya kina cha sentimita 5 tu, yakienea mita 5 za mraba, ni lita 250. Hao ni watu wazima watatu hadi wanne wasiovua chochote. Tena hawakai mahali pamoja: ukivuta mafuta tu, yote yanakimbilia nyuma, na upepo wa kusini ukikukuta hivyo mawimbi yanaingilia hapohapo nyuma.

Chokonoa vitundu kwa waya mgumu. Kisha mwaga ndoo ya maji mbele kabisa, simama nyuma, usubiri. Yasipofika, bado hujamaliza.

Hatua ya 3: Yanaingilia wapi. Kausha boti, iache tupu majini usiku kucha, asubuhi chota kwa ndoo unayojua lita zake. Ndoo moja ya lita 20 kwa usiku mmoja inavumilika kwa boti ya mbao. Zikiwa tano, itoe nchi kavu.

Safisha maungio yanayovuja, toa pamba yote ya zamani, acha pakauke, ndipo upige kalafati upya, yaani ushindilie pamba mpya kwenye maungio. Wengine huchovya pamba kwenye mawese kwanza. Usishindilie kwa hasira: mbao zikinywa maji zinavimba, na pamba iliyobanwa kupita kiasi inazisukuma mpaka misumari inalegea. Boti iliyokaa juu ya mchanga ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, itavuja siku ya kwanza hata kama ni nzima, kwa kuwa mbao zimesinyaa. Iloweke siku mbili tatu kabla ya kumlaumu fundi.

Hatua ya 4: Mbao zenyewe. Choma kwa bisibisi nyembamba kuzunguka bolti za mashine na chini ya sakafu. Ikizama bila kupingwa, ubao umeoza na umejaa maji. Huo unabadilishwa, haupakwi rangi.

Hatua ya 5: Panga mzigo. Tanki na betri zisogee katikati, nyavu mbichi zisirundikwe nyuma. Boti ikishapanda, kagua kimo cha mashine: lile bamba lililo juu ya propela liwe usawa wa sehemu ya chini ya boti, au chini yake sentimita mbili tatu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nikifunga madumu matupu chini ya viti, boti itapanda?*
Marahaba. Haitapanda. Dumu lililo ndani ya boti kavu halisukumwi na maji. Yafunge hata hivyo, tena yakaze sana: siku boti ikijaa, kila dumu la lita 20 litabeba karibu kilo 19, na hapo ndipo utakapoyashukuru.

*Boti yangu nimeitoa Dar. Si kweli kwamba maji baridi ya ziwa, yasiyo na chumvi, yanaizamisha?*
Kweli, lakini kidogo mno. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia mbili na nusu hivi. Boti na mzigo wake vikiwa tani moja, tofauti ni milimita tatu au nne. Rudi hatua ya 2.

*Nikiweka HP 40 si itainuka yenyewe?*
Kaka, mashine hiyo ni nzito karibu mara mbili ya uliyonayo, na unaining'iniza palepale panapozama. Boti ya mita 7 yenye umbo la mtumbwi ikikaribia kilomita 12 kwa saa inaanza kuchimba maji kwa nyuma. Ukiongeza nguvu inachimba zaidi, na petroli inakwisha.

*Vipi kuipaka faiba nje?*
Kwenye mbao kavu kabisa, sawa. Kwenye mbao mbichi unafungia maji ndani, na ubao utaoza usiuone.

*Yangu inalalia kulia tu, hata ikiwa tupu.*
Kwanza toa sakafu upande wa kulia uangalie maji. Kama pakavu, gonga mbao za pande zote mbili kwa nyundo, kimo kilekile. Upande unaotoa sauti nzito iliyofifia, choma bisibisi hapo.